Ukurasa wa Ngome ya Tisa

Mtu mmoja wa Makambako alitaka dadu za maadhimisho zinukie karafuu. Mwingine wa Voi aliapa kwamba zikinukia kitu chochote, karafuu au udi, atalirudisha sanduku zima akiwa amelitemea mate. Wa tatu alitaka Mama Chatu, mhusika wa mchezo aliyekwisha uawa, afufuliwe. Wa nne alisema Mama Chatu akifufuliwa yeye anaacha kucheza, basi, miaka ishirini na sita imemtosha. Saumu Ngwale alizisoma hizo zote kabla ya chai ya saa nne, na barua zilizobaki zilikuwa elfu arobaini na kitu.

"Hivi hawa watu hawana kazi?" akauliza, na chumbani hamkuwa na mtu wa kumjibu.

Lakini katika barua hizo zote, ya karafuu na isiyotaka karafuu, kulikuwa na jambo moja walilokubaliana wote, na hilo ndilo lililomnyima Saumu usingizi. Kila mmoja alimalizia kwa maneno yaleyale: tupeni Ngome ya Tisa.

Mchezo wa Ngome Tisa ulikuwa unatimiza miaka thelathini Jumamosi ile. Ni mchezo wa mezani: watu wanne au watano, msimulizi mmoja, dadu tisa, na kila mchezaji anajivika mtu asiye yeye, akatembea naye ngome hadi ngome kwa mdomo tu. Mwasisi wake, mwalimu mmoja wa hesabu aliyependa kusumbua watu, aliandika ngome nane. Ya tisa aliiacha ukurasa mtupu. Kanuni aliyoiweka ni kwamba meza ya kwanza itakayorusha dadu tisa zikalala uso mmoja ndiyo itakayoingia ngome hiyo, na watakachosema wachezaji wa meza hiyo kwamba wamekikuta humo, kitakuwa kweli kwa meza zote. Kisha akafa, akawaachia wengine kelele.

Na meza zilikuwa zinasikia. Chini ya kila mbao ya mninga palikaa moyo wa meza, kisahani kipana kama chapati. Neno likitoka mdomoni linaitikisa mbao, na moyo unalihifadhi. Kulisikia tena kulitaka utaratibu wake: unaegemeza viwiko mezani, unaziba masikio kwa viganja, na sauti inapanda kupitia mifupa ya mikono yako. Hewani haisikiki hata kidogo, ndiyo maana hakuna simu iliyowahi kuinasa.

Basi kwa kuwa meza inasikia, watu wakajiwekea adabu. Mtu akitaka kusema la kwake, kulia kidogo au kumsengenya mkwewe, dadu hufunikwa kwa kawa, kawa ya ukindu ileile ya kufunikia chakula, ila hii imesukwa pamoja na uzi ambao meza inautambua. Kawa ikikaa, meza inakuwa kiziwi. "Tumefunika," watu husema, na lililosemwa hapo halitoki. Mashabiki wa Ngome Tisa wanaweza kupigana ngumi kwa sababu ya rangi ya dadu, lakini hujasikia hata mmoja aliyetoa la chini ya kawa.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Aliyeingia ni Bwana Lwiza, mkurugenzi, shati limemlowa kwapani.

"Dada Saumu, umeweka kiganja?"

"Sijaweka."

"Leo Jumatatu!"

"Najua leo ni siku gani, Bwana Lwiza."

"Watu elfu sita wamekata tiketi. Bango limeshachapwa. Tumewaahidi, na ahadi ni deni."

"Uliwaahidi wewe. Mimi nilikwambia ngoja kwanza nisikilize."

Lwiza akakaa juu ya rundo la barua bila kulitazama. "Umesikiliza mara ngapi sasa? Hebu niambie kitu kimoja tu. Meza ilifunikwa kwa kawa, au haikufunikwa?"

Hapo ndipo mwiba ulipokuwa.

Miaka kumi na miezi minne iliyopita, ubao mkubwa wa makao makuu pale Morogoro uliwaka taa ya tisa, ambayo haikuwahi kuwaka. Meza iliyoiwasha ilikuwa ndogo, ya kuwekwa kitandani, katika wodi ya watoto ya hospitali moja. Wachezaji walikuwa wawili: Anselimu Kobelo, msaga nafaka wa Kilosa, na bintiye Skola, miaka kumi. Skola alifariki siku nne baadaye. Sheria inasema sauti ya mchezaji aliyefariki haiguswi miaka kumi. Baada ya hapo moyo wa meza unasubiri maadhimisho yanayofuata, na saa sita mchana ya siku hiyo, kama mhifadhi hajauingiza kwa kiganja chake katika Daftari, kumbukumbu kuu inayofika meza zote, unajifuta wenyewe. Ukiingizwa, dunia nzima inasikia. Hakuna nakala ya pembeni wala ya zawadi, tangu walipokamatwa watu waliokuwa wakiuza sauti za marehemu sokoni.

Mhifadhi ndiye Saumu. Kumbadilisha kunachukua siku thelathini, na Lwiza alikuwa nazo tano.

"Haikufunikwa kwa kawa," Saumu akasema.

"Basi!" Lwiza akapiga makofi. "Iko wazi kisheria. Weka kiganja, tukale."

"Ilifunikwa kwa kifuniko cha sufuria. Kinasikika kabisa, ngwaa! Mtoto anasema, 'Baba, funika, hiki chetu wawili, usimwambie hata mama.' Baba anasema, 'Nimefunika.' Halafu ndiyo anaeleza alichokiona ngomeni. Alieleza akijua kuna kawa, Bwana Lwiza. Yule mtoto aliamini meza haimsikii."

"Kifuniko cha sufuria si kawa."

"Kwa meza si kawa. Kwa mtoto je?"

"Mtoto ni marehemu, dada yangu. Watu elfu sita wako hai, na wana hasira." Akainuka, karatasi mbili zimemganda suruali. "Kuna njia moja tu ya kunizuia na unaijua. Mzazi aandike barua ya kukataa. Asipoandika, Jumamosi saa tano unapanda jukwaani na kile kisahani."

Alipotoka, Saumu alibaki anautazama mlango kwa ghadhabu, nusu ya ghadhabu hiyo ikimhusu yeye mwenyewe. Kwa sababu, tuseme ukweli, hata yeye alikosea. Alipaswa kuinua viwiko pale kifuniko kilipogonga. Alikuwa mhifadhi, lakini kabla ya hapo alikuwa msichana wa kidato cha pili aliyecheza Ngome Tisa chini ya dawati, na kwa miaka yote hiyo naye alitaka kujua. Hakuinua viwiko. Alisikia yote mpaka mwisho. Alichosema yule mtoto mimi sikisemi, na usinibembeleze.

*

Kilosa alifika Jumatano, kisahani ndani ya mkoba, pamoja na kibao cha mninga cha kusikilizia. Njia nzima alikuwa na hakika. Baba gani atakubali? Ataandika barua ya mistari miwili, ataweka sahihi, na Lwiza na mabango yake watajijua.

Mashine ya Kobelo ilikuwa inasaga aliposimama mlangoni. Mtu mrefu, mweupe kwa unga hadi kwenye kope, akamwashiria angoje. Alimaliza debe la mama mmoja, akazima mtambo, na hata ulipozimika aliendelea kuongea kwa sauti ya juu, kama wafanyavyo watu wa mashine.

"Shikamoo, mzee," Saumu akasema.

"Marahaba! Debe ngapi?"

"Sina mahindi. Natoka Morogoro, kwenye Daftari la Ngome Tisa."

Kobelo akajipangusa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Hakuuliza amefuata nini.

"Kumbe sauti ipo," akasema, mara hii kwa sauti ndogo.

Wakakaa chumba cha nyuma, kwenye magunia. Saumu alimweleza yote: mashabiki, Jumamosi, saa sita, kiganja, barua. Akatoa karatasi na kalamu, akaviweka juu ya goti la mzee. "Mistari miwili inatosha. Andika kwamba familia haikubali. Mimi nitamalizana nao."

"Nikiandika, sauti inakwenda wapi?"

"Inajifuta Jumamosi."

"Na nisipoandika?"

"Inaingia katika Daftari. Kila mwenye meza ataisikia."

"Na mimi nina meza," Kobelo akasema.

Saumu akaisogeza kalamu karibu yake. "Mzee wangu, binti yako alikuomba ufunike. Nimesikia. Ulifunika kwa kile ulichokuwa nacho, si kosa lako kwamba..."

"Hebu niwekee kwanza nisikie."

Akaegemeza viwiko juu ya kibao, akaziba masikio. Saumu akaweka kiganja chake juu ya kisahani, cha kusikilizia tu, si cha kuingiza. Chumba kikawa kimya kabisa, ila uso wa yule mtu ulikuwa unaongea. Alicheka mara moja. Pale ambapo Saumu alijua kuna kikohozi kirefu, naye alikaza koo kama anayekikohoa yeye. Machozi yalipita katika unga yakaacha mistari miwili, na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi.

Ilipokwisha akabaki vilevile, viwiko mezani.

"Kawa ilikuwa miguuni pangu," akasema.

"Umesemaje?"

"Kawa. Tulikwenda nayo hospitali. Skola asingecheza bila kawa, alikuwa mtu wa sheria huyo, loo! Ilikuwa sakafuni, karibu na ndara zangu. Yeye amelala, haoni chini. Nikachukua kifuniko cha uji nikagonganisha, ili asikie mlio." Akashusha mikono. "Daktari alikuwa amekwisha niambia asubuhi ile. Nikasema moyoni, meza na isikie. Na ikae naye."

Saumu akaondoa kiganja juu ya kisahani. "Ulimdanganya."

"Ndiyo."

"Mtoto anakuambia hiki chetu wawili..."

"Ndiyo, mama, nimekwambia ndiyo! Unataka niseme mara ngapi? Mama yake aliondoka mwaka uliofuata, tulishindwa kutazamana. Nasaga mahindi mchana kutwa ili nisikie kelele. Miaka kumi sikuja kuwauliza kama mmebaki na sauti, kwa sababu niliogopa mtasema hamna. Sasa umeileta mwenyewe hadi hapa, halafu unanipa kalamu niiue?"

Akaiokota ile karatasi, akairudisha mkobani mwa Saumu kwa adabu kabisa.

"Ingiza," akasema. "Wasikie watu laki moja, nami niwe mmoja wao. Hayo ya ngome yao sina habari nayo. Nataka nimsikie akinikemea ninavyorusha dadu vibaya."

Saumu alipanda treni ya kurudi akiwa amefura. Alikuwa amekwenda kutafuta mtu wa kumbebea mzigo, na huyo mtu amemwongezea. Kama baba angekosea tu, kwa haraka au kwa kukosa kawa, angeweza kusema familia imeridhia. Lakini alidanganya kwa kujua, na ruhusa yake ilikuwa sehemu ya uongo uleule. Mwenye haki ya kukataa alikwisha kataa zamani, kwa kinywa chake, akiwa na umri wa miaka kumi. Na upande wa pili kuna mtu amekaa juu ya gunia anaomba sauti ya mwanawe. Ukitenda haki kwa mmoja unamchinja mwingine, na mabango yanasubiri. Alilia kidogo, akakasirika kwamba analia, akanunua karanga asizozila.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa kufikia saa tatu. Walikuja na kaniki za Mama Chatu, ngao za maboksi, watoto wachanga waliopewa majina ya ngome. Kila baada ya dakika chache wanaanza, "Ti-sa! Ti-sa!", na vioo vinatetemeka. Wengine walikuwa wanalia kabla ya lolote kutokea. Saumu aliwachungulia kupitia pazia, na lililomkera zaidi ni kwamba aliwapenda.

Kobelo alikuja kwa treni ya asubuhi, shati jeupe limenyooshwa, hana chembe ya unga. Saumu alimchukua hadi chumba cha nyuma ya jukwaa, akafunga mlango. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano.

"Sitaweka kiganja cha kuingiza," akamwambia hapohapo, bila kumzungusha. "Nitaweka cha kusikilizia tu. Una saa moja na dakika tano. Rudia mara zote utakazoweza."

Mzee alimtazama kama hakuelewa. Kisha akaelewa.

"Una mtoto wewe?"

"Ninaye mmoja."

"Basi Mungu asikuonyeshe." Sauti yake ya mashine ilirudi, akapiga ngumi juu ya kibao cha mninga. "Nani amekupa haki hiyo wewe? Nani? Mimi ndiye baba yake! Nimekubali! Wenye mchezo wamekubali! Watu wote hao nje wamekubali!"

"Skola hakukubali."

"Skola amekufa!"

"Ndiyo maana hawezi kukataa mara ya pili," Saumu akasema. "Nitukane, mzee. Nitukane baadaye, nitakuja mpaka Kilosa unitukane. Sasa hivi dakika zinakwisha."

Kobelo alisimama muda mrefu kuliko ilivyompasa mtu mwenye saa moja. Akakaa. Akaegemeza viwiko. Saumu akaweka kiganja, na hakukiondoa hata mkono ulipokufa ganzi, hata Lwiza alipoanza kugonga mlango, kwanza kwa heshima, kisha kwa teke. Mzee alisikiliza mara sita. Ya saba ilikuwa katikati saa sita ilipofika. Saumu aliona ilipokatika: yule mtu aliinua kichwa, akageuka nyuma kidogo, akarudisha viwiko mahali palepale, akangoja.

"Basi?" akauliza.

"Basi, mzee."

Saumu alifungua mlango akapita mbele ya Lwiza, akapanda jukwaani. Hotuba aliyoiandaa aliisahau. Aliwaambia mchezaji aliomba dadu zifunikwe, na kosa la kifuniko si lake, kwa hiyo ukurasa wa tisa utabaki mtupu. Na moyo wa meza umeshajifuta.

Kisha, ee bwana, walimzomea zomeo ambalo hajapata kulisikia. Ngao za maboksi ziliruka. Mwanamke wa safu ya mbele, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa anapiga kelele, "Miaka thelathini! Miaka thelathini, wewe!" na ni kweli ilikuwa thelathini.

Lwiza alikuwa keshakivamia kipaza sauti. "Ndugu zangu! Ndugu zangu, tulieni! Huyu kuanzia leo si mtumishi wetu. Lakini hatujapoteza! Baba yake Skola yuko hapa! Alikuwepo kitandani, alisikia kwa masikio yake! Mzee Kobelo, tafadhali, waambie wewe, kwa kinywa chako!"

Hilo Saumu hakuliwaza. Kisahani alikiacha kijifute, lakini kichwa cha mtu hakifutiki, na kichwa hicho kilikuwa na kila sababu ya kumkomesha. Kobelo alikuwa anapanda ngazi za jukwaa, anasukumwa na mikono ya vijana waliovaa kaniki, macho mekundu. Alipompita Saumu hakumtazama.

Ukumbi ulinyamaza. Watu elfu sita walishusha pumzi pamoja, na yule bibi wa safu ya mbele aliweka mikono kifuani.

"Mzee wetu," Lwiza akasema kwa upole wa asali, "Skola alikuta nini ndani ya Ngome ya Tisa?"

Kobelo alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alizoea kupigana na kelele. Kimya kile kilionekana kumpa shida. Alikohoa. Akawatazama watu wote wale, safu baada ya safu, waliokuwa tayari kumsadiki kwa lolote atakalotamka.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa nimesinzia."